Kipofu wa Betsaida na Mtoto wa Jicho
Somo kwa makatekista, wazazi na viongozi wa jumuiya

KUSUDI LA SOMO

Somo hili lina shabaha mbili. Ya kwanza ni kuwajulisha waamini ugonjwa wa macho uitwao mtoto wa jicho, ambao huwapata hata watoto wachanga, na jinsi unavyotibiwa. Ya pili ni kuonyesha kwamba mapendo ya Kikristu hayatimizwi kwa tendo moja la huruma, bali kwa saburi mpaka kazi imekwisha. Katekista alisome kwanza peke yake, kisha alifundishe kwa sehemu, kadiri wasikilizaji wawezavyo kushika.

1. HABARI YA INJILI

Mtakatifu Marko, katika sura ya 8 ya Injili yake, asimulia habari ambayo Wainjili wengine hawakuiandika. Bwana Yesu alifika Betsaida, penye ziwa la Galilaya. Watu wakamletea kipofu, wakamsihi amguse. Bwana akamshika mkono, akamwongoza mpaka nje ya kijiji. Akamtia mate machoni, akaweka mikono yake juu yake, akamwuliza kama aona kitu. Yule mtu akajibu kwamba awaona watu, lakini wafanana na miti, ila watembea. Ndipo Bwana akaweka mikono juu ya macho yake mara ya pili, naye akaona vyote wazi.

Wengine wasomapo habari hii hushangaa. Je, Mwana wa Mungu alipungukiwa nguvu mara ya kwanza? Hasha! Yeye aliyeunyamazisha upepo na bahari kwa neno lake hakushindwa na macho ya mtu mmoja. Miujiza ya Bwana ni matendo ya huruma, nayo ni ishara pia. Katika aya zifuatazo Petro akiri kwamba Yesu ndiye Kristu, lakini mara akataa kusikia habari ya mateso yake. Petro ameanza kuona, hajaona sawasawa. Naye Bwana hakumtupa kwa sababu hiyo, bali aliendelea kumfundisha.

Fundisho hilo ni la roho. Lakini wale wahudumiao wagonjwa hupata humo fundisho jingine, nalo ni hili: Bwana hakumwacha yule mtu katika nusu ya kuona. Alimwuliza hali yake, akasikiliza jibu lake, kisha akarudia kazi mpaka ikatimia. Mwenye kukumbuka jambo hilo ataelewa upesi yatakayoelezwa hapa chini.

2. UGONJWA WENYEWE

Ndani ya jicho la binadamu, nyuma ya mboni, Mungu ameweka kitu kidogo kiangavu mfano wa kioo, kiitwacho lenzi. Mwanga huingia kwa mboni, hupita katika lenzi, hukusanywa, hata ufike nyuma ya jicho, na kutoka huko habari yake hupelekwa kwenye ubongo. Lenzi ikiingiwa na ukungu, mwanga hauwezi kupita vema. Ukungu huo ndio uitwao mtoto wa jicho.

Watu wengi waujua ugonjwa huu kama ugonjwa wa wazee, na kweli kwa wazee huja pamoja na miaka. Lakini watoto wengine huzaliwa nao, na wengine hupatwa nao katika miaka ya kwanza ya maisha. Wataalamu wamekadiria kwamba duniani kote watoto wapatao 200,000 ni vipofu kwa sababu hiyo, na wengi wao wamo katika nchi maskini. Si kwamba hakuna dawa. Upasuaji upo, ila haukuwafikia, au uliwafikia wakati umekwisha kupita.

Sababu zake ni nyingi. Wengine huurithi katika ukoo. Wengine mama yao aliugua rubela alipokuwa na mimba changa. Ugonjwa huo wa vipele humpita mama mwenyewe kama homa ndogo, lakini humdhuru mtoto aliye tumboni. Daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, ndiye aliyelitambua jambo hilo mwaka 1941, na leo kuna chanjo ya kuzuia rubela. Watoto wengine huumizwa katika michezo kwa kijiti, jiwe, au mshale. Tena wako wengi ambao sababu ya ugonjwa wao haijulikani hata kwa madaktari.

Mzazi yampasa kuziangalia dalili hizi. Mboni, ambayo ingepaswa kuwa nyeusi, yaonekana nyeupe au ya kijivu. Mtoto wa miezi miwili au mitatu haufuati uso wa mamaye kwa macho. Macho yake yachezacheza bila kutulia, au yamepinda kwa makengeza. Akianza kutembea hujikwaa penye mwanga. Akienda shuleni husogea mpaka ubaoni, naye mwalimu humdhania kuwa mjinga.

Weupe wote wa jicho si wa namna moja. Kuna weupe wa kovu ulio juu ya jicho, kwa mbele, uletwao mara nyingi na surua na upungufu wa vitamini A. Tena kuna weupe wa ndani ya mboni ambao si mtoto wa jicho kamwe, bali ni uvimbe wa saratani. Uvimbe huo huweza kumwua mtoto usipotibiwa mapema. Mzazi hawezi kupambanua haya kwa macho yake, wala mganga wa kienyeji hawezi. Kwa hiyo mboni nyeupe ya mtoto ionwe kama moto juu ya paa: haingojewi mpaka kesho.

3. NI KOSA LA NANI?

Mtoto azaliwapo na macho meupe, mara nyingi maneno hutangulia dawa. Watu wa nyumba husema mama alivunja mwiko, au baba alitembea nje ya ndoa, au jirani ameroga. Mama hulia kwa siri, humfunika mtoto kwa kitambaa, haendi naye penye watu. Miezi yapita katika kumtafuta mwenye kosa, na ukungu umo palepale jichoni.

Swali hilo si geni. Mitume wenyewe walimwuliza Bwana, katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane, habari ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni yeye aliyetenda dhambi, au wazazi wake? Bwana akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake, bali matendo ya Mungu yapate kuonekana kwake. Kisha hakuketi kubishana zaidi. Akasema kwamba kazi yapasa kufanywa maadamu ni mchana, akafanya tope, akampaka machoni, akamtuma aende kunawa katika birika la Siloamu.

Basi katekista aseme wazi mbele ya waamini wote, wala asione haya. Mtoto wa jicho si laana. Anayemshitaki mama wa mtoto huyo kwa dhambi asiyoijua, avunja mapendo na kuongeza msalaba juu ya msalaba. Na anayempeleka mtoto kwa mpiga ramli ili amjue mchawi, si kwamba akosa tu juu ya amri ya kwanza ya Mungu, bali ampotezea mtoto siku zisizorudi. Tena dawa za majani zitiwazo jichoni haziwezi kufika kwenye lenzi, iliyo ndani. Huweza kuunguza jicho na kulitia kovu la kudumu.

Wengine hudhani kwamba kwenda hospitali ni kupungukiwa na imani. Maandiko Matakatifu hayasemi hivyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha kwamba mgonjwa amwombe Mungu, tena ampe daktari nafasi yake, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba daktari na kuzitoa dawa katika ardhi.

4. KWA NINI HAIFAI KUNGOJA

Mzee aliyepofuka kwa mtoto wa jicho miaka mitano, akipasuliwa leo, aweza kuona kesho, maana alikwisha kujifunza kuona tangu utoto. Mtoto sivyo. Mtoto azaliwapo hajui kuona, bali hujifunza, kama ajifunzavyo kusema. Jicho hupeleka mwanga, na ubongo hujifunza kuusoma. Mwanga usipofika katika miezi na miaka ya kwanza, sehemu ya ubongo iliyowekwa kwa kazi hiyo hulegea. Baadaye hata jicho likisafishwa kabisa, ubongo hausomi tena vema. Wataalamu David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha jambo hilo kwa kuchunguza paka wachanga waliofungwa jicho moja, na mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wao juu ya kuona.

Kwa sababu hiyo mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito, madaktari hutaka kumpasua kabla hajapita miezi miwili au mitatu. Aliyepatwa baadaye aletwe mara dalili zionekanapo. Aliyechelewa naye aletwe, maana hata kuona kidogo ni neema kubwa: kuijua njia, kuutambua uso wa mama, kuepuka moto na shimo. Lakini anayesema, “Tungoje akue kwanza,” amshauri mtoto vibaya, hata akiwa ni mtu wa afya.

Lakini ni nini kiwacheleweshacho? Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, Tanzania, na kuandikwa katika miaka ya 2000, ulionyesha kwamba watoto wengi walifikishwa baada ya muda mrefu tangu wazazi walipoona dalili. Umbali wa hospitali ulikuwa sababu mojawapo, pamoja na hali ya mama aliyekosa elimu na mali. Mara nyingi mama ndiye wa kwanza kuona weupe, lakini mwenye kukata shauri juu ya fedha na safari ni mwingine. Tena mahali pengi wasichana huletwa wachache kuliko wavulana. Hapo wakristu wajihukumu wenyewe: je, macho ya binti yana thamani ndogo mbele ya Mungu?

Watu wa Lukafu hawana haja ya kufundishwa maana ya umbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lukafu ulikuwa kituo kimojawapo cha utawala wa Katanga, kabla mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, haujaanzishwa mwaka 1910. Makarani na askari walihama, na kazi nyingi zikawafuata. Leo mama akaaye chini ya milima ya Kundelungu, akitaka daktari wa macho kwa mwanawe, yampasa kushika njia ya Lubumbashi, iliko kliniki ya macho ya Sainte Yvonne. Nauli, chakula cha njiani, mahali pa kulala, na watoto walioachwa nyumbani: mambo haya humzuia mama kuliko kisu cha daktari.

5. KAZI YA DAKTARI

Mtoto hupewa dawa ya usingizi, asione maumivu wala kutikisika. Daktari hutumia darubini na vyombo vidogo mno. Hufungua mlango mwembamba katika jicho, huitoa lenzi yenye ukungu, na kwa mtoto mdogo hufungua pia utando ulio nyuma yake, kwa maana utando huo kwa watoto huingia ukungu tena upesi. Jicho halitolewi nje, kama wengine wasemavyo.

Mahali pa lenzi ya asili daktari huweza kutia lenzi iliyotengenezwa. Kazi hiyo ilianzishwa na Harold Ridley mjini London, mwaka 1949. Katika vita alikuwa ameona marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, na jicho likavivumilia. Kwa watoto wachanga sana mara nyingi lenzi hiyo haitiwi kwanza, bali hupewa miwani mizito mpaka wakue.

Msomaji wa Maandiko atakumbuka kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti alikuwa na weupe machoni, na mwanawe Tobia alisafiri mbali pamoja na malaika Rafaeli. Aliporudi alimpaka babaye nyongo ya samaki, na ule weupe ukabanduka. Mungu alituma malaika, lakini alitaka pia safari ya kijana na kazi ya mikono yake. Mjini Mbuji-Mayi, katika Kasai, kituo cha macho kimeitwa kwa jina la Mtakatifu Rafaeli. Humo hutumika daktari Richard Hardi, Mhungari wa jumuiya ya Kikatoliki ya Heri Nane, aliyekuja Kongo katika miaka ya 1990, naye husafiri mpaka vijiji vya mbali kuwapasua watu wenye mtoto wa jicho. Huko Dar es Salaam hospitali ya CCBRT, iliyoanza mwaka 1994, hupokea watoto wa namna hiyo. Wakristu wa makanisa mengine nao wametangulia katika kazi hii: shirika la CBM, lisaidialo hospitali nyingi za macho Afrika, lilianzishwa mwaka 1908 na mchungaji Mjerumani, Ernst Christoffel.

6. MIKONO YA MARA YA PILI

Sasa lafuata jambo ambalo wafadhili husahau na wazazi hawaambiwi. Upasuaji ni mwanzo wa kazi. Siku bendeji ifunguliwapo, mtoto aweza kuwa kama yule mtu wa Betsaida: aona watu kama miti. Mwanga waingia, lakini ubongo haujajifunza. Wazazi waliotazamia muujiza huvunjika moyo, hudhani wamedanganywa, hurudi kijijini wasirudi tena hospitali.

Mambo manne yahitajika. Kwanza, dawa za matone zitiwe kwa saa zake, siku zote zilizoagizwa. Pili, mtoto apewe miwani, na miwani hiyo ibadilishwe akuapo, kwa kuwa jicho lake lakua pia. Tatu, kama jicho moja ni dhaifu kuliko jingine, lile lenye nguvu hufunikwa saa kadhaa kila siku, ili dhaifu lilazimishwe kufanya kazi. Mtoto hulia na kukibandua kitambaa, na mama yampasa kuvumilia. Nne, arudishwe kwa daktari mara kwa mara kwa miaka, maana utando waweza kuziba tena, au presha ya ndani ya jicho kupanda na kuliua jicho polepole.

Katika KCMC waliona kwamba watoto wengi waliokwisha pasuliwa hawakurudishwa. Ikawekwa kazi ya mtu maalum wa kuwafuatilia: aliandika jina la kila mtoto, aliwapigia wazazi simu, na nauli ya kurudi ikalipwa. Baada ya hapo waliorudi wakaongezeka. Hawakuhitaji chombo kipya wala daktari mgeni. Ilitosha mtu mmoja mwenye daftari, na fedha kidogo ya safari.

Mfadhili alipaye upasuaji ametenda vema, na Mungu amlipe. Lakini mapendo yaliyokoma mlangoni pa chumba cha upasuaji ni mikono ya mara ya kwanza tu. Bwana aliweka mikono mara mbili.

7. WAJIBU WA JUMUIYA

Mtakatifu Marko, katika sura ya 2, asimulia juu ya mtu mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne. Msongamano ukawazuia, wakapanda, wakatoboa dari, wakamteremsha mbele ya Yesu. Injili yasema kwamba Bwana aliiona imani yao, imani ya wale wachukuzi. Kila mtoto mwenye mboni nyeupe ahitaji wachukuzi wanne kama hao.

Wa kwanza ni yule atambuaye: mkunga, mwalimu, katekista wakati wa Ubatizo, anayetazama macho ya mtoto na kumwambia mzazi kwa upole. Wa pili ni yule ashauriye: mzee wa jumuiya amwendeaye baba wa nyumba, na kumtoa hofu na lawama. Wa tatu ni yule achangaye: jumuiya ndogo iwekayo akiba kidogo kila Dominika kwa nauli ya wagonjwa, na mama mmoja awatunzaye watoto waliobaki nyumbani. Wa nne ni yule akumbukaye: mwenye daftari, aandikaye siku ya kurudi hospitali na kupita nyumbani juma moja kabla. Kazi ya huyu wa nne haina sifa, wala haipigiwi makofi. Lakini bila yeye kazi ya wale watatu huweza kupotea.

Itakuwako pia familia ambayo mtoto wake alichelewa mno, naye hataona. Huyo asiachwe. Apelekwe shuleni, afundishwe kusoma kwa vidole, apokee Sakramenti kama wenzake. Macho yake yamefungwa, lakini si akili yake wala roho yake.

MASWALI NA MAJIBU

1. Mtoto wa jicho ni nini?
Ni ukungu katika lenzi iliyo nyuma ya mboni, unaozuia mwanga kupita.

2. Je, ugonjwa huu ni adhabu ya dhambi za wazazi?
Sivyo. Bwana Yesu mwenyewe alikana neno hilo habari ya kipofu aliyezaliwa hivyo.

3. Mzazi aonapo mboni nyeupe, afanye nini?
Ampeleke mtoto hospitali mara moja, asitie dawa ya majani, wala asingoje mtoto akue.

4. Kwa nini mtoto asingojwe kama mzee?
Kwa sababu ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya kwanza, na wakati huo ukipita haurudi wote.

5. Baada ya upasuaji, wajibu umekwisha?
Haujakwisha. Yabaki matone, miwani, kufunika jicho lenye nguvu ikiagizwa, na kurudi kwa daktari kwa miaka.

6. Jumuiya imsaidieje mtoto huyo?
Kwa kumtambua, kuwashauri wazazi wake, kuchanga nauli, na kukumbuka siku ya kurudi.

AZIMIO

Juma hili kila jumuiya ichague mtu mmoja wa kushika daftari la wagonjwa. Na kila mzazi, kesho asubuhi penye mwanga, ayatazame vema macho ya watoto wake.

SALA

Ee Yesu, Mwanga wa ulimwengu, uliyemshika mkono kipofu wa Betsaida na kumgusa mara mbili, wabariki madaktari na wauguzi, wape wazazi uvumilivu, na utuepushe na uvivu wa kuacha kazi njiani. Mtakatifu Rafaeli, mwenzi wa wasafiri, uwaongoze watoto wetu. Amina.